Acheni kuita kila kifo "uzembe": aliyejua hatari si sawa na asiyejua

Ndugu msomaji, chukua gazeti lolote la siku inayofuata ajali. Basi likipinduka, utasoma ni uzembe wa dereva. Kivuko kikizama, ni uzembe wa watendaji. Ghorofa likiporomoka, ni uzembe wa mkandarasi. Mkubwa anafika na msafara wake, anasimama mbele ya maiti, anatamka kwamba Serikali haitavumilia uzembe. Kesho yake tunazika. Keshokutwa tunapanda basi lile lile.

Neno hili limeshikwa na mikono mingi mpaka limechakaa kama noti ya sokoni. Ni neno tamu sana kwa mwenye hatia. Mzembe ni nani? Ni mtu aliyesahau, aliyesinzia, ambaye hakuangalia alipopaswa kuangalia. Nani kati yetu hajawahi kusahau? Ukiitwa mzembe umelaumiwa, lakini ndani ya lawama hiyo kuna huruma kidogo.

Lakini wako watu ambao hawakusahau kitu. Walijua. Waliambiwa mchana kweupe. Walipima fedha upande huu na roho za watu upande ule, wakaona fedha zina uzito zaidi. Na hao nao tuwaite wazembe?

Mimi si mwanasheria. Nina cheti cha sekondari na nimekaa sana kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama nikitafuta habari. Lakini jambo hili halihitaji joho wala wigi. Linakuhusu wewe unayeendesha daladala ya mtu, wewe utingo, wewe wa bodaboda, wewe kibarua unayebeba zege ghorofa ya tano. Siku mambo yakiharibika, tofauti kati ya maneno mawili ndiyo itakayoamua kama unalala kwako au unalala Keko.

MADEREVA WATATU, AJALI MOJA

Hebu tuchukue mfano. Daladala tatu zinashuka mlima. Zote tatu breki zinagoma. Zote tatu zinaparamia kituo na kuua abiria wawili. Ukiangalia maiti, huoni tofauti. Ukiangalia vyuma, huoni tofauti. Sasa ingia ndani ya kichwa cha kila dereva.

Wa kwanza gari lake lilitoka gereji juzi. Asubuhi alilikagua, akakanyaga breki ikashika. Paipu ikapasuka ghafla njiani. Huyo ni mtu wa bahati mbaya. Hana kosa la jinai, hata kama watu wa kituoni wanataka kumchoma moto.

Wa pili hakukagua. Aliamka amechelewa, akawasha, akaondoka. Hakujua kwamba breki zimekwisha, ila dereva yeyote mwenye akili timamu angejua, kwa kuwa angeangalia. Huyu ndiye mzembe. Kosa lake ni kutoiona hatari ambayo alipaswa kuiona.

Wa tatu aliiona. Jana jioni fundi alimwambia wazi, "Kaka, hizi breki hazifiki kesho." Yeye akajibu, "Tutaenda nazo hivyo hivyo, nina hesabu ya tajiri." Huyu hakukosa macho. Aliliona shimo, akawapeleka wenzake wakiwa wamesinzia ndani ya gari. Huyu si mzembe. Huyu ni mtu aliyeijua hatari akaamua kutoijali. Kwa kuwa lugha ya mahakama zetu haijampa jina la kueleweka mtaani, mimi nitaliita kosa lake kutojali.

Tofauti ni hiyo tu, ndugu msomaji, nayo ni kubwa kuliko mlima wenyewe. Mzembe hakujua, na alipaswa kujua. Asiyejali alijua, akaendelea.

SHERIA INASEMAJE?

Jambo hili si jipya. Mwaka 1937, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisikiliza rufaa ya dereva wa gari la halmashauri ya mji wa Leeds, aliyetumwa usiku kwenda kusaidia basi lililoharibika na njiani akamgonga na kumuua mtembea kwa miguu. Jaji Lord Atkin alisema uzembe una ngazi. Kuna uzembe mdogo unaotosha mtu kudaiwa fidia. Kuna uendeshaji wa hatari ulio kosa la barabarani. Na kuna ule mkubwa kabisa, unaokaribiana na kutojali maisha ya watu, ambao peke yake ndio unaoweza kumtia mtu hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Miaka 20 baadaye, 1957, mahakama za huko huko zilipata kesi ya mtu aliyeng'oa mita ya gesi ukutani ili aibe vijisenti vilivyokuwamo. Gesi ikavuja ikapenya hadi nyumba ya jirani, mama mmoja akaivuta usingizini. Majaji wakasema swali si kama mtu huyo alikuwa mwovu, maana wizi ni uovu bila ubishi. Swali ni je, yeye mwenyewe aliona kwamba gesi inaweza kumdhuru mtu, na bado akaendelea?

Sasa rudi nyumbani. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, ni urithi wa mkoloni wa mwaka 1945. Kifungu cha 200 kinaeleza dhamira ovu, yaani ile inayofanya kuua kuitwe kuua kwa kukusudia. Watu wengi wanadhani dhamira hiyo ni mpaka uchukue panga useme leo namuua fulani. Sivyo. Kifungu hicho kinamhesabu pia mtu anayejua kwamba tendo lake, au kuacha kwake kutenda, huenda kukaleta kifo au madhara makubwa mwilini, hata kama hajali kitakachotokea, na hata kama anaomba Mungu kisitokee. Soma tena hapo, ndugu yangu. Hata kama anaomba Mungu kisitokee.

Chini ya hapo kuna kuua bila kukusudia. Humo anaingia anayesababisha kifo kwa uzembe wa kulaumika, akaacha wajibu wa kulinda uhai aliokabidhiwa. Kifungo chake kinaweza kufika maisha. Na chini zaidi kuna makosa madogo ya kuhatarisha uhai, kama kuendesha gari au chombo cha majini vibaya. Hapo ndipo penye ugonjwa, kwani sheria imeweka pupa na uzembe ndani ya sentensi moja, kama nyanya na mawe ndani ya kapu moja. Aliyejua na asiyejua wanasomewa shitaka moja.

Matokeo yake? Mwendesha mashitaka hana haja ya kuhangaika kuthibitisha nani alijua nini. Anachukua njia ya mkato. Anamtafuta aliyeshika usukani, anamwita mzembe, anafunga jalada. Aliyejua zaidi ya wote, ambaye hakuwa hata kwenye gari, anakwenda kula chakula cha mchana.

DARAJA LA TATU HALIKUHESABIWA

Sitaki uone kwamba nazungumzia daladala tu. Twende ziwani.

Alfajiri ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na makadirio mengine yanafika hata watu 1,000. Meli ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 kwenye daraja la kwanza na la pili. Na daraja la tatu je? Daraja la tatu halikuwa na orodha.

Tulia hapo kidogo. Walalahoi wa daraja la tatu, wenye mikungu yao ya ndizi na watoto mgongoni, hawakuandikwa popote. Maofisa tisa wa Shirika la Reli, nahodha akiwamo, walifunguliwa mashitaka. Sitaki kuwahukumu hapa. Ninachouliza mimi ni juu ya ile orodha isiyokuwapo. Kutowaandika watu ni uzembe? Au ni njia ya kuhakikisha kwamba siku ya siku hakuna atakayeweza kusema nani alijua idadi?

Hapa ndipo wajanja wanapojificha. Mtu akishajua kwamba sheria inamkamata aliyejua, anajitahidi asijue. Hahesabu. Haulizi. Ripoti ikiletwa mezani anasema iache hapo. Fundi akianza kueleza anasema nina haraka. Kisha mahakamani anaapa kwa kitabu kitakatifu kwamba hakujua. Na kweli, hakujua idadi. Lakini alijua kwanini hataki kuijua!

Sheria ya nchi nyingi zilizorithi kwa Mwingereza ina jibu kwa mtu huyo. Anayefumba macho kwa makusudi anahesabiwa ameona. Ukishuku kwamba kuna hatari, ukaacha kuuliza kwa kuogopa jibu, wewe si mzembe. Umejitia upofu, na kipofu wa kujitia haruhusiwi kuomba fimbo.

Tena kuna jambo jingine. Kila maafa yanafundisha. Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilizama kikiwa kimejaza kupita kiasi, watu 272 wakafa. Miaka miwili baadaye ikaja MV Bukoba. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba. Uwezo wake ulikuwa watu 645, lakini kwa mujibu wa tume iliyoundwa, waliokuwamo walizidi 2,000. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa cha watu wapatao 100. Waliokufa ni 228. Piga hesabu mwenyewe: maiti peke yake ni zaidi ya mara mbili ya watu waliotakiwa kupanda.

Mwaka 1994 labda mtu angeweza kusema hakufikiri kwamba chombo kilichojaa kinaweza kugeuka. Kufika 2018, nani ufukweni mwa ziwa lile lile angeweza kusema hivyo bila kuona haya? Kinachoitwa uzembe mara ya kwanza hakiwezi kuitwa uzembe mara ya nne. Hatari iliyozika watu mbele ya macho ya nchi nzima ni hatari inayojulikana. Anayeirudia anairudia akiwa anajua.

ADHABU ISIPIME MAITI TU

Najua utaniambia, mama aliyefiwa hajali dereva alikuwa anafikiri nini. Mwanawe amekufa. Ni kweli, na machozi yake yana haki yake. Lakini tukipima adhabu kwa idadi ya maiti peke yake, tunaadhibu bahati. Madereva wawili wana tairi vipara, wote wameambiwa, wote wamekaidi. Mmoja anaua watu saba. Mwingine anafika Mbagala salama, anakunywa chai na chapati. Roho zao ni moja. Yule wa chapati kesho atatoka tena na tairi zile zile.

Ndiyo maana hakimu siku ya kutoa adhabu anapaswa kuuliza maswali yenye maana. Mshitakiwa alijua nini kabla ya kifo? Nani alimwonya, mara ngapi? Alipata faida gani kwa kupuuza onyo? Alikuwa na madaraka ya kusimamisha jambo hilo, au alikuwa mtu wa kutumwa? Baada ya ajali alisaidia majeruhi, au alikimbia na kuchana karatasi? Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha mtu wa kuelimishwa na mtu wa kufungwa.

Na kuna sababu ya akili ya kuwatenganisha. Mzembe hakuwa akipiga hesabu. Ukimfunga miaka 20, mzembe mwenzake hatajifunza sana, kwani naye hajui kwamba ni mzembe. Anayejua akapuuza ni mtu wa hesabu. Anajua safari moja ya kujaza inaleta kiasi gani, faini ni kiasi gani, chai ya trafiki ni kiasi gani. Jela ya kweli ikiingia kwenye hesabu yake, jumla inabadilika. Huyo ndiye adhabu kali inayeweza kumfundisha, na huyo ndiye tunayemwacha.

Tazama lile fumbo la "faini au kifungo". Kwa tajiri, faini ni gharama ya biashara kama mafuta na vilainishi. Kwa deiwaka aliyeshika gari kwa siku moja tu, faini ile ile ni kifungo, kwa sababu hana. Hukumu moja, mlango mmoja unatokea nje, mwingine unatokea gerezani. Kisha tunaambiwa sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Huu msumeno wetu mbona meno yake yako upande mmoja?

NA WEWE KIJANA, SIKILIZA

Nisingekuwa mkweli kama ningewapiga wakubwa tu nikakuacha wewe ukinichekea. Kuna neno gumu ambalo huko kijiweni hawatakuambia.

Tajiri akikuambia toka na gari bovu, na wewe ukalitoa, amri yake haikukingi. Siku fundi alipokuambia breki zimekwisha, uliacha kuwa mtu wa kuitwa mzembe. Ulijua. Ukisema mahakamani, "Bosi alinilazimisha," hakimu anaweza kukupunguzia kidogo, lakini hatakufutia. Utakuwa umekiri mwenyewe kwamba ulijua. Na yule bosi, kama hakuna shahidi wala karatasi, atasema hakukuambia kitu, na wewe ndiye utakayepanda karandinga.

Kwa hiyo jifunze kulinda kichwa chako. Ukimwambia tajiri juu ya ubovu, mwambie mbele ya mtu, au mwandikie ujumbe wa simu na usiufute. Kumbuka tarehe. Fundi akikuandikia karatasi, itunze kama leseni yako. Lakini usidhani karatasi hiyo inakupa ruhusa ya kuendesha. Karatasi hiyo inamvuta tajiri ndani ya kesi. Haikutoi wewe. Kitakachokutoa ni kuweka funguo mezani. Najua maana yake ni kulala njaa na gari kupewa mwingine kesho asubuhi. Sikudanganyi kwamba ni rahisi. Nakuambia bei halisi ya kila upande, uchague ukiwa macho.

Hata wewe wa bodaboda unayepakia mishikaki, watu watatu nyuma yako na taa haiwaki, usijiite mzembe. Unajua kwamba taa haiwaki. Umepita mitaa mitano ukimulika kwa simu.

TUNATAKA NINI?

Tunataka mambo matatu, wala si makubwa.

Kwanza, sheria itenganishe. Pupa na uzembe vitoke kwenye sentensi moja. Kila kimoja kiwe na shitaka lake na adhabu yake, ili mwendesha mashitaka alazimike kusimama na kusema: huyu alijua, na ushahidi ni huu hapa.

Pili, upelelezi usiishie kwenye usukani. Ufuate nyayo za kujua. Nani aliambiwa kwanza? Nani alipokea barua ya fundi? Nani alikata tiketi ya mtu wa mia moja na moja, na nani alimtuma aendelee kukata? Nani alipita bandarini, akaona chombo kimelala ubavu kwa uzito, akageuza uso? Mnyororo huo ukifuatwa, mara nyingi utamkuta aliyeshika usukani mwishoni kabisa, akiwa na mshahara mdogo kuliko wote.

Tatu, hakimu aandike kwenye hukumu, kwa lugha ambayo ndugu wa marehemu wanaielewa, kile ambacho mshitakiwa alikijua. Si kusema tu kwamba alikuwa mzembe na adhabu iwe fundisho kwa wengine. Fundisho gani, kama hatujaambiwa alikosea nini?

Haya yote hayahitaji mkopo wa wafadhili. Kifungu cha 200 kipo tangu mkoloni. Maneno yake ni makali kuliko hotuba zote za misibani. Kinachokosekana ni mtu wa kukisoma mbele ya mwenye suti kama kinavyosomwa mbele ya mwenye kandambili.

Kwa hiyo kesho ukisikia redioni kwamba watu wamekufa na chanzo ni uzembe, usiitikie haraka. Uliza swali moja tu, uliulize kijiweni, kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya diwani na mbunge wako: kabla hawajafa, nani alikuwa anajua?